Aliyefungwa Ananyanyuka

Tik. Tik-tik. Kimya kidogo, halafu tik tena, polepole, kama mtu anayepukuchua mahindi makavu kwa ukucha.

Bi Sikudhani alifumbua macho kabla jogoo wa jirani hajawika. Wazo la kwanza lilikuwa panya, na la pili lilikuwa unga wake. Lakini panya hawana utulivu wa namna ile. Akatega sikio vizuri, akatabasamu gizani. Ni mumewe, Mzee Shomvi, kwenye kitanda chake kilichohamishiwa sebuleni tangu alipougua. Amepakata pedi ya gemu, anakizoesha kidole gumba cha mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima. Televisheni hakuiwasha wala taa hakuigusa, asije akamwamsha mkewe. Hata enzi za uzima wake alikuwa akitoka kwenda kazini alfajiri ameshika viatu mkononi.

Kiharusi kilimpiga msimu wa masika, kikachukua mkono wa kulia na ulimi. Muuguzi wa zahanati alisema vidole vya mgonjwa vipewe kazi, na mgonjwa mwenyewe apewe watu. Walianza na kuchambua mchele. Mzee Shomvi alichambua siku chache, kisha akawa anautazama mchele kama unavyomtazama mtu uliyekwisha kumsikiliza hadithi zake zote.

Ndipo Kashinde, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, alipokuja na sanduku lake la gemu amelikumbatia kifuani.

"Bibi, mimi nimeoa, na mke wangu hapendi kelele za mpira," alisema. "Naomba likae kwako."

Mke wa Kashinde alikuwa mpenda mpira kuliko mtaa mzima. Bi Sikudhani alilijua hilo, akapokea sanduku na kumshukuru.

Pedi ya gemu inataka mikono miwili. Kwa hiyo Mzee Shomvi alishika upande wa kushoto, akawa anawakimbiza wachezaji, na Bi Sikudhani alishika upande wa kulia, akawa anapiga mashuti. Siku ya kwanza alipiga shuti kali sana kwenye goli lao wenyewe. Mzee Shomvi, aliyekuwa hajatamka neno tangu masika, aliruka palepale kwenye kochi akapaza sauti:

"Siyo huko!"

Bi Sikudhani alilia, akajifunga goli la pili makusudi ili amsikie tena.

Tangu hapo majirani wakawa wanaingia jioni. Kashinde alikuja, na Mwajabu muuza maandazi, na kila mwenye nafasi. Desturi ya pale ilikuwa moja, haikuandikwa popote na hakuna aliyeibishia: aliyefungwa ananyanyuka, anampisha anayefuata. Hapakuwa na aibu ndani yake. Unafungwa, unanyanyuka, unakunywa maji, unarudi nyuma ya foleni kuwacheka wenzako. Na Mzee Shomvi, kila mtu alipokaa pembeni yake, alipata neno moja jipya.

*

Nchi yao ilikuwa na bahati ya kuwa na Serikali inayopenda sana wananchi wake, kiasi cha kutowaacha wajiamulie hata jambo dogo likawachosha. Kulikuwa na Wizara ya Michezo ya Kuketi na Mustakabali, na waziri wake alikuwa Mheshimiwa Dakta Segere Mavumba. Mwaka ule Wizara iliulizwa swali zito: je, mustakabali wa gemu ni sanduku linalochomekwa kwenye televisheni, au ni kompyuta?

Bunge lilijadili kwa muda mrefu. Wabunge wa Sanduku walikaa kushoto, wabunge wa Kompyuta wakakaa kulia, na wale ambao hawajaelezwa msimamo wao wakalala katikati. Mbunge mmoja alisema sanduku ni la wavivu kwa sababu linachezewa kwenye kochi. Mwingine akajibu kwamba kompyuta ni ya wapweke, maana mtu anaipa uso, dunia yote anaipa mgongo. Tume ya wataalamu iliundwa. Mhandisi mmoja wa tume, kijana mwenye bidii, alichukua bisibisi akalifungua sanduku, akakuta ndani yake kuna kompyuta. Mwenyekiti wa tume alimwamuru alifunge haraka kabla halijaonwa na watu wengine, na kijana akapelekwa masomoni mbali, kwenye baridi.

Mwisho Waziri Mavumba alitoa tamko redioni. Bi Sikudhani alikuwa akimkanda mumewe bega kwa mafuta ya nazi.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "Serikali yenu imeuona mustakabali, na mustakabali ni kompyuta. Nitaeleza kisayansi. Sanduku la gemu lina pedi mbili. Pedi mbili maana yake ni pande mbili. Pande mbili maana yake ni upinzani. Lakini kompyuta ina kipanya kimoja. Kipanya kimoja ni umoja wa kitaifa! Kila mwananchi atapewa kompyuta yake, atacheza peke yake, atashindana na yeye mwenyewe, na atashinda. Tunataka taifa la washindi. Kwa hiyo masanduku yote yatakabidhiwa Serikalini, kwa hiari, na asiyekabidhi kwa hiari atakamatwa."

Mkono wa Bi Sikudhani ulisimama juu ya bega la mumewe.

"Wana... chukua?" aliuliza Mzee Shomvi.

"Hawachukui," alisema Bi Sikudhani, na ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya mumewe katika ndoa yao.

Haukupita muda, lori la Serikali likaja mtaani kugawa kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa bado njiani, ila meza zake zilikuwa zimefika, meza moja kila nyumba, na kiti kimoja. Mwajabu aliipenda sana meza yake. Alikandia unga wa maandazi juu yake na akasema tangu nchi ipate uhuru hajawahi kupewa kitu na Serikali chenye miguu minne iliyo sawa.

*

Siku ya kukabidhi, Wizara ilitaka picha nzuri ya kuanzia, na mtendaji wa mtaa akasema hakuna nyumba iliyofagiliwa vizuri kama ya Bi Sikudhani. Basi asubuhi ikaja misafara na kamera, wakaja walinzi wakakagua chini ya kitanda cha mgonjwa, na Bwana Nyalusi, katibu wa Waziri, akaja kupima kochi kwa futi. Mwisho akaingia Waziri mwenyewe. Bi Sikudhani alishangaa kumwona amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akamwandika moyoni kuwa ni mtoto aliyelelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Huyu ni baba yako, Mzee Shomvi. Ulimi wake unarudi kidogo kidogo, usimharakishe."

"Shikamoo, mzee."

"Mara... haba," alisema Mzee Shomvi.

Bi Sikudhani hakujua namna ya kuzungumza na wakubwa, kwa hiyo alizungumza naye kama mtu. Alimweleza habari ya kiharusi, ya mchele, ya pedi iliyoshikwa nusu kwa nusu, na ya yale maneno ya kwanza. "Likiondoka sanduku hili, mwanangu, majirani hawatakuwa na sababu ya kuingia kila jioni. Na yeye atarudi kunyamaza. Nakuomba, chukueni meza yenu, chukueni na kiti, mniachie hili."

Waziri alimsikiliza kwa adabu. Huenda angesema neno la kibinadamu, lakini kamera ziliwashwa na neno likabadilika njiani.

"Mama, Serikali haina haraka wala haina ubaya. Nitacheza mchezo wa mwisho wa sanduku hili. Nikilifunga, itakuwa limeshindwa kisayansi, na hata wewe utalitoa kwa moyo mweupe."

"Na ukifungwa, Mheshimiwa?" aliuliza Mwajabu kutoka kwenye foleni. Foleni ilikuwepo kama kawaida. Watu walidhani kamera zimekuja kutazama.

Bwana Nyalusi alimkata jicho. "Mheshimiwa hafungwi."

Na kweli alikuwa hafungwi. Pale wizarani alicheza kila alasiri dhidi ya Bwana Nyalusi, na Bwana Nyalusi alikuwa na kipaji cha pekee cha kujifunga kwa kichwa.

"Hapa kwetu, mwanangu, desturi ni moja tu," alisema Bi Sikudhani. "Aliyefungwa ananyanyuka, anampisha anayefuata."

"Nakubali!" alisema Waziri na kucheka, na kamera zikanasa kicheko chote.

Wakaketi watatu kwenye kochi: Waziri na pedi yake, Mzee Shomvi na mkewe na pedi yao. Waziri alicheza kama alivyozoea, yaani aliupeleka mpira mbele akasubiri watu wampishe. Hawakumpisha. Mzee Shomvi alikimbia na mpira pembeni, Bi Sikudhani akapiga. Goli. Wakarudia. Goli. Kabla ya mapumziko Waziri alikuwa anatoka jasho, na Kashinde, kwa huruma tu, alikuwa anampepea kwa gazeti.

Mwisho ulikuwa manne kwa bila.

Mwajabu akajifuta unga mikononi, akasogea mbele.

"Pole, Mheshimiwa. Nyanyuka basi, zamu yangu."

Waziri hakunyanyuka.

*

Hakuwa mtu mbaya. Bi Sikudhani alimtazama akaona kwamba miguu ilitaka. Magoti yalikuwa yamekwisha kusogea. Ni sehemu nyingine ya Waziri iliyokataa. Katika nchi ile hakuna mkubwa aliyewahi kushindwa halafu akanyanyuka. Hapakuwa na utaratibu wake. Bwana Nyalusi alipekua kanuni zote, akakuta zinaeleza namna ya kuketi, namna ya kukaribishwa kuketi, na namna ya kuongezewa muda wa kuketi.

Akampigia simu Mtukufu Kiongozi, mkuu wa nchi, akamshikia Waziri simu sikioni. Sauti ya Mtukufu ilisikika mpaka jikoni.

"Mavumba! Usinyanyuke! Wewe ukifungwa ukanyanyuka, kesho watageuka wanitazame mimi!"

"Lakini Mtukufu, kuna mama hapa wa maandazi anasubiri."

"Mwambie asubiri kama wenzake!"

Basi Wizara ikahamia sebuleni kwa Bi Sikudhani. Makabrasha yaliletwa yakapangwa kwenye ile meza ya kompyuta, ikawa mara ya kwanza meza ile kufanya kazi ya Serikali. Redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Waziri ameibuka na ushindi wa kihistoria wa mabao manne, ambayo kwa ukarimu aliyaruhusu yaingie kwake. Saa moja baadaye ikarekebisha: mabao hayo yalikuwa bado yanahakikiwa. Walinzi walipangwa kulizunguka kochi, na hao walinzi wakaanza kuulizana kwa kunong'ona kama foleni inaruhusu watu wenye bunduki.

"Inaruhusu," alisema Mwajabu. "Ila bunduki ibaki kwa mwenye bunduki, pedi ni ya mwenye zamu. Na zamu hii ni yangu, ingawa imekaliwa."

"Mama, chunga ulimi," alisema Bwana Nyalusi.

"Nimeuchunga tangu asubuhi, baba. Kama ningeuachia ungejua."

Mchana Bi Sikudhani alipika wali na maharage. Alimwekea Waziri mto nyuma ya kiuno, maana aliona anavyojinyoosha. Alimhurumia sana. Alifikiri jinsi kazi ile ya kuketi ilivyo ngumu, mtu unaifanya huku watoto wako wanakuona kwenye televisheni. Waziri alikula wote, akaomba maji, akanywa, akaomba tena. Hapo Bi Sikudhani akaingiwa na wasiwasi, lakini mgeni huwezi kumnyima maji.

Alasiri Waziri alianza kukunja miguu. Akaikunjua. Akaikunja upande mwingine. Akamwita Bwana Nyalusi, wakanong'ona. Bwana Nyalusi akapima kochi tena, akapima na mlango.

"Halipiti," alisema kwa huzuni. "Tukimbeba Mheshimiwa na kochi lake kumpeleka uani, halipiti mlangoni."

"Upanueni!" alisema Waziri kwa sauti nyembamba.

"Tunaweza, Mheshimiwa. Ila kuupanua ni lazima tutangaze zabuni."

Waziri alifumba macho. Watu wote walijua shida yake na hakuna aliyecheka. Kashinde alitazama dari. Mwajabu, pamoja na ulimi wake wote, aligeukia ukuta akaanza kusoma kalenda.

Ndipo Mzee Shomvi alipomgusa Waziri goti kwa ule mkono wa kushoto.

"Mwanangu," alisema, na ikabidi apumzike. "Nataka... kwenda... uani. Nishike."

Waziri alifumbua macho akautazama mkono wa mzee. Ulikuwa umenyooshwa. Akamtazama Bwana Nyalusi, aliyekuwa anatikisa kichwa kwa nguvu. Akautazama mkono tena.

Akanyanyuka.

Alinyanyuka mara moja kama mtu yeyote, akamshika mzee kwapani, akamsimamisha taratibu. Paa halikuanguka. Wakatoka pamoja hatua kwa hatua kwa mlango ule ule mwembamba, na walinzi hawakujua wapige saluti au wasogee, wakasogea.

Bi Sikudhani alibaki anakunja kitambaa cha meza. Kashinde alikuwa amempeleka Mzee Shomvi uani muda mfupi tu kabla ya hapo, kwa hiyo mzee hakuwa na haja yoyote. Bi Sikudhani alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

Waliporudi, Mwajabu alikuwa ameketi, pedi mkononi.

"Karibu foleni, Mheshimiwa," alisema. "Uko nyuma ya huyu askari."

Na Dakta Mavumba, uso wake umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni, alikwenda akasimama nyuma ya askari.

*

Kabla zamu yake haijafika, redio ilikuwa imekwisha kutangaza waziri mpya. Bwana Nyalusi aliondoka na gari, na bendera, na makabrasha, na ule mto wa Bi Sikudhani uliochanganywa na vifaa vya ofisi. Aliondoka pia na viatu vya Dakta Mavumba, kwa kuwa vilikuwa mali ya Serikali. Bi Sikudhani akamtafutia ndara za Mzee Shomvi, na Kashinde akamsindikiza mpaka barabarani.

Sanduku halikuchukuliwa. Amri ilisema masanduku yakabidhiwe kwa Mheshimiwa Mavumba, na Mheshimiwa Mavumba hakuwepo tena. Waziri mpya aliunda tume mpya ya kutafakari mustakabali wa mustakabali, na tume ile ilianza kwa kuomba viti. Mji mkuu nao ukajihadhari: tangu siku ile wimbo wa taifa unaimbwa watu wameketi, wasije wakazoea kunyanyuka.

Jioni majirani waliendelea kuja. Mzee Shomvi alipata maneno mengi, mengine ya matusi madogo madogo ya mpira ambayo mkewe alijifanya hayasikii.

Jumapili moja Bi Sikudhani alisema, "Yule mtoto hatujamjulia hali."

"Twende," alisema Mzee Shomvi.

Wakaenda na teksi ya shemeji yake Kashinde, na Mwajabu akabeba maandazi. Nyumba ya Dakta Mavumba ilikuwa kubwa na imenyamaza. Aliwafungulia mwenyewe, amevaa zile ndara. Sebuleni kulikuwa na kompyuta aliyopewa na Serikali kama zawadi ya kustaafu, ndiyo pekee katika nchi nzima iliyokuwa imefika. Bi Sikudhani hakuficha: ilikuwa nzuri, inawaka taa kama bustani ya harusi, na picha zake zilikuwa safi kuliko za sanduku. Mbele yake kulikuwa na kiti kimoja.

"Unacheza?" aliuliza Mwajabu.

"Nacheza tangu asubuhi mpaka jioni."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Nani anashinda?"

"Mimi," alisema Dakta Mavumba, na hakuonekana kama mtu aliyeshinda. "Nimeshinda mpaka nimechoka, dada yangu. Siku hizi hata simu hailii. Nyalusi nikimpigia anasema yuko kikaoni, na nasikia kabisa kwamba yuko sokoni."

Bi Sikudhani akatandika mkeka alioukuta umekunjwa nyuma ya mlango. Mwajabu alifungua maandazi. Walikula, wakacheka habari za mtendaji wa mtaa, wakamsikiliza Mzee Shomvi akieleza mchezo mzima wa jana bila kuharakishwa, na Dakta Mavumba alikaa chini karibu yake, akimsubiri kila neno lifike. Aliuliza hali ya kila mtu wa foleni. Alimkumbuka hata yule askari.

Jua liliposhuka, Bi Sikudhani alisema sasa wangejongea, mzee asipigwe na umande. Dakta Mavumba alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Alimshika mzee kwapani akampeleka mpaka kwenye teksi, akamfunga mkanda, akamwekea vizuri mapajani mkono uliopooza. Kisha akabaki ameshika mlango wa gari, haufungi.

"Mama, mtakuja tena?"

"Tutakuja, mwanangu."

"Lini? Njooni hata katikati ya wiki. Njooni na lile sanduku." Akainama dirishani, kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu kikubwa. "Na mniletee na watu wa kunifunga."